Printa Inayogoma Jumanne, na Rekodi Nyingine za Hitilafu

Hitilafu ya ajabu kuliko zote katika mifumo endeshi huria, kwa maoni yangu, ni ile ya printa iliyokataa kuchapa siku ya Jumanne. Si masihara. Mwaka 2008 watumiaji wa Ubuntu wenye printa za Brother walianza kulalamika kwamba nyaraka za OpenOffice hazitoki. Siku nyingine zinatoka, siku nyingine hazitoki, na hakuna aliyeona mpangilio wowote. Mpaka mmoja wao akaandika kwamba mkewe anasema printa inagoma kila Jumanne. Mwenye steshenari wa Mwanjelwa au Miyomboni akiletewa maneno hayo na mteja, atamtazama mara mbili kabla ya kumjibu.

Mama yule alikuwa sahihi. Kabla ya kuchapa, mfumo uliiuliza programu ndogo inayotambua aina za faili: huu ni waraka gani? Programu hiyo hufanya kazi kwa orodha ndefu ya alama, na kanuni mojawapo iliwekwa ili kutambua faili za lugha ya Erlang zenye tarehe fulani ya Januari 1991. Tarehe hiyo iliangukia Jumanne. Aliyeandika kanuni hakuziwekea alama nafasi tupu zilizo kati ya maneno, hivyo programu ikawa inasoma herufi tatu za mwanzo tu, yaani T, u na e, kifupi cha Jumanne kwa Kiingereza, na kupuuza yaliyobaki. Waraka unaokwenda kuchapwa nao hubeba siku na tarehe yake mwanzoni. Ikifika Jumanne, barua ya maombi ya kazi inatambuliwa kuwa faili la Erlang, na foleni ya printa inaitupa.

Kosa lenyewe lilikuwa nafasi tupu chache tu, na mtu anayejua pa kugusa angelimaliza kwa dakika moja. Kilichochukua miezi ni kuutoa ushuhuda wa mama yule sebuleni kwake na kuufikisha kwa mtu anayejua kanuni za kutambua faili, ambaye hajawahi kuiona printa hiyo. Rekodi nyingi zinazofuata hapa ni za safari hiyo. Kuna umbali kati ya anayeiona hitilafu na anayeweza kuirekebisha, kisha kuna umbali wa pili, wa kiraka cha marekebisho kurudi kwa aliyeumia. Ukikaa Iringa au Mbeya unazijua safari zote mbili.

Hitilafu iliyopimwa kwa kilomita

Rekodi ya umbali wenyewe hasa ipo Marekani. Katikati ya miaka ya 1990 Trey Harris alikuwa msimamizi wa barua pepe katika chuo kikuu huko North Carolina. Siku moja mkuu wa idara ya takwimu akampigia simu kumweleza kwamba idara yake haiwezi kutuma barua pepe mbali zaidi ya maili 500, yaani kama kilomita 800. Harris alidhani anataniwa. Alipojaribu mwenyewe akakuta ni kweli, na wanatakwimu wale walikuwa wameshaanza kuchora ramani ya mahali barua zinapofika na zisipofika.

Fundi mmoja alikuwa ameboresha mfumo endeshi wa seva yao, SunOS, na bila kujua akarudisha toleo la zamani la Sendmail, programu huria ya kusafirisha barua. Faili la mipangilio lilibaki la toleo jipya. Sendmail ya zamani haikuielewa baadhi ya mistari yake, ikaiacha, na muda wa kusubiri jibu ukabaki sifuri. Kwenye seva ile, sifuri ilikuwa sawa na milisekunde tatu hivi, na kwa muda huo mwanga wenyewe hauendi mbali zaidi ya kilomita 900. Kama seva ingekuwa Dar es Salaam, ukipima kwa mstari ulionyooka, Iringa na Mbeya zingepata barua zao. Kigoma ingebaki inasubiri.

Ripoti ile ilisaidia kwa sababu walalamikaji walipima kwanza. Ripoti inayoshika rekodi ya wingi duniani, kwa lugha zote, ni "haifanyi kazi", na hakuna mtunzaji wa programu anayeweza kuifanyia chochote.

Safari ndefu kuliko zote

Linux iliyoenea kuliko zote Mbeya haiko kwenye maabara za chuo pale Iyunga. Iko mfukoni mwa dereva wa bodaboda, ndani ya Tecno, Infinix au itel, kwa sababu Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux, yaani kiini chake. Kwa hiyo swali la namna hitilafu za mfumo huria zinavyoshughulikiwa ni la kila anayetuma pesa kwa simu, hata kama jina Linux hajawahi kulisikia.

Kiraka kinapoandikwa huingia kwanza kwenye kerneli kuu. Kutoka hapo kishuke kwenye matoleo yanayotunzwa muda mrefu, kiende Google, kiende kwa mtengenezaji wa chipu kama MediaTek au Unisoc, kiende kwa kampuni ya simu, ndipo kifike kwa mwenye simu, ambaye anaona ujumbe wa sasisho la mamia ya megabaiti, anafikiria bando lake, na anabonyeza "baadaye". Kila kituo kina foleni yake na hesabu zake za faida.

Mfano ulioacha aibu kubwa ni wa Binder, sehemu inayoziwezesha programu za Android kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Novemba 2017 roboti ya Google iitwayo syzbot, inayoshinda usiku na mchana ikiilisha kerneli data za ovyo ili kuona itaangukia wapi, ilikuta kosa hapo. Februari 2018 kiraka kikaingia kwenye kerneli za muda mrefu. Hakuna aliyekipa namba ya usalama, hakuna aliyepiga kengele, na simu nyingi zikaendelea kutoka viwandani bila kiraka hicho. Septemba 2019 Maddie Stone wa Project Zero, kikosi cha usalama cha Google, aligundua kwamba tundu lile bado liko wazi, hata kwenye Pixel 2, simu ya Google wenyewe, na kulikuwa na dalili kwamba watu walikuwa wakilitumia kushambulia. Kiraka cha Android kilitoka Oktoba mwaka huo.

Kosa liligunduliwa na roboti ya Google, likakaa karibu miaka miwili ndani ya simu ya Google. Hapo hatujazungumzia simu ya bei nafuu iliyonunuliwa Tunduma, ambayo kiwanda chake kiliacha kuitumia masasisho zamani.

Siku sitini

Mfanyakazi mwenye bidii kuliko wote katika Ubuntu ni roboti. Inaitwa Janitor, yaani mfagizi, na kazi yake mojawapo ni kupita kwenye hifadhi ya ripoti za hitilafu na kufunga zile zilizowekewa alama kwamba hazijakamilika, kisha zikakaa siku 60 bila mtu kugusa.

Ukiwa upande wa watunzaji, mfagizi huyu ni lazima. Namba za ripoti katika hifadhi hiyo zimeshapita milioni mbili. Debian, mfumo mama wa Ubuntu, ulianza kuhesabu ripoti zake mwaka 1994 na ukaifikia ya milioni moja mwaka 2021. Watunzaji wa kerneli walipopewa mamlaka ya kutoa namba za udhaifu wa kiusalama Februari 2024, mwaka huo huo walitoa zaidi ya 3,000. Wengi wa wanaopokea mafuriko haya wana kazi nyingine ya mchana, na anayejitolea saa zake za usiku hawezi kusoma kila kitu.

Sasa njoo upande wa pili. Mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, anaona Wi-Fi ya kompyuta yake mpakato inakata kila anapoifunga na kuifungua. Anaandika ripoti kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu baada ya Kinyakyusa na Kiswahili. Wiki chache baadaye anajibiwa kwa adabu: tafadhali weka kumbukumbu za mfumo, tena jaribu kerneli mpya kabisa utuambie kama tatizo lipo bado. Maombi hayo ni ya haki, ila yanahitaji kupakua, yanahitaji muda, yanahitaji umeme usiokatika katikati ya kusakinisha. Inaingia mitihani, kisha likizo, anakwenda nyumbani Busokelo ambako mtandao unapatikana ukipanda kilimani. Siku 60 zinapita na mfagizi anafunga.

Takwimu zitasema hitilafu imefungwa. Kompyuta ya kijana bado inakata Wi-Fi, na siku nyingine akikuta tatizo hatapoteza muda kuripoti. Haya ndiyo madhara ambayo hifadhi yoyote ya ripoti haiwezi kuyahesabu, maana ripoti isiyoandikwa haina namba.

Nisieleweke vibaya, mtandao wenyewe umesogea mno. Kebo ya SEACOM ilianza kufanya kazi Dar es Salaam Julai 2009, na mkongo wa taifa unapita Iringa na Mbeya hadi mpaka wa Zambia. Lakini tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja baharini, nchi nzima ilikumbushwa kwamba masasisho yetu yanapita kwenye nyuzi zinazohesabika kwa vidole.

Wazee

Rekodi ya umri ninayoipenda ni ya yacc, chombo kinachosaidia kutengeneza vitafsiri vya lugha za kompyuta. Mwaka 2008 Otto Moerbeek, mmoja wa waandishi wa mfumo endeshi huria wa OpenBSD, alikuwa akijaribu mbinu mpya ya kugawa kumbukumbu ya kompyuta kwenye mashine za sparc64, programu kubwa zikawa zinashindwa kukamilika. Akafuatilia mpaka akakuta kosa lililoandikwa mwaka 1975, mwaka ambao mafundi walimaliza kutandika reli ya TAZARA. Lilikaa kimya miaka 33 kwa sababu mbinu za zamani za kugawa kumbukumbu zilikuwa zikilisamehe.

Shellshock, kosa la ganda la Bash lililogunduliwa na Stéphane Chazelas Septemba 2014, lilikuwa na miaka 25. Dirty COW, ya Oktoba 2016, ilikuwa ndani ya kerneli kwa miaka mingi, na ina sifa ya pekee: mwanzilishi wa Linux mwenyewe, Linus Torvalds, alikiri kwamba alijaribu kuirekebisha miaka kumi na moja kabla, akaifanya vibaya, na kiraka kikaondolewa.

Inasemwa sana kwamba msimbo ukiwa wazi kwa macho mengi, hakuna kosa litakalojificha. Wazee hawa wanaonyesha kwamba macho yalikuwa mengi ila hayakuwa yakitazama hapo.

Kiraka kidogo, hasara kubwa

Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano, ndani ya Debian alipata malalamiko kwamba chombo cha kukagua kumbukumbu kinatoa maonyo kwa sababu ya mistari miwili. Hakukurupuka. Aliwauliza kwanza waandishi wa OpenSSL, akajibiwa kwa namna aliyoielewa kuwa ruhusa, akaiondoa mistari hiyo. Mistari ile ndiyo iliyokuwa ikikusanya ubahatishaji wa kutengenezea funguo za siri. Baada ya hapo kitu pekee kilichobaki cha kubahatisha kilikuwa namba ya mchakato, ambayo haikuzidi 32,768. Ufunguo ambao ulipaswa kuwa mmoja kati ya idadi isiyohesabika ukawa mmoja kati ya elfu thelathini na ushee, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaimaliza kwa muda mfupi.

Ilichukua karibu miaka miwili mpaka Luciano Bello alipoligundua, na tarehe 13 Mei 2008 Debian ikatangaza. Kila aliyetengeneza ufunguo kwa OpenSSL hiyo kwenye Debian au Ubuntu katika kipindi hicho alitakiwa kuutupa. Mtu aliuliza, mtu akajibu, na wote wawili walidhani wanazungumzia jambo moja.

Kwa upweke, OpenSSL hiyo hiyo inaongoza. Hitilafu yake iitwayo Heartbleed ilipotangazwa Aprili 2014, dunia ikagundua kwamba programu inayolinda sehemu kubwa ya intaneti ilikuwa na mwajiriwa mmoja tu wa muda wote, na michango ya hiari ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Kuna vikundi vya kuweka na kukopa Iringa mjini vinavyozungusha zaidi ya hapo.

Iringa na Ufini

Mfumo wa Linux ulitangazwa Agosti 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, na kwa bahati Nyanda za Juu Kusini zina uhusiano wa miaka mingi na Ufini. Mwaka 2007 Chuo cha Tumaini Iringa, leo Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu. Matti Tedre, mmoja wa Wafini waliofundisha pale, aliandika pamoja na wenzake wa Iringa kwamba mtaala wa kunakili kutoka Ulaya hautoshi. Fundi wa hapa lazima ajue umeme unaopanda na kushuka, vumbi, vipuri visivyopatikana dukani, na vifaa vilivyobuniwa kwa mazingira mengine.

Nadhani hilo linagusa kiini cha suala hili kuliko vitabu vingi vya usimamizi wa hitilafu. Mtunzaji aliyeko Ulaya anapoandika "siwezi kuizalisha hitilafu hii kwenye mashine yangu", anasema kweli. Mashine yake haijawahi kuzimika ghafla mara tatu kwa siku huku diski ikiandika. Anayeweza kuizalisha yuko Kihesa, na huyo ndiye anayepaswa kufundishwa kuifuatilia mwenyewe.

Kuifuatilia kunawezekana, na hesabu yake inafurahisha. Toleo jipya la kerneli hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, likiwa na mabadiliko kama 14,000. Tuseme toleo la zamani lilikuwa sawa na jipya linaharibu sauti. Huhitaji kujaribu mabadiliko yote. Git, chombo alichokianzisha Torvalds mwaka 2005, kinakupa toleo la katikati, unaliunda, unaliwasha, unasema zuri au baya. Kinatupa nusu na kukupa katikati ya nusu iliyobaki. Majaribio kumi na manne yanatosha kumfikia mkosaji mmoja kati ya 14,000. Kwenye kompyuta kuukuu kila jaribio linaweza kuchukua saa nzima au zaidi ya kuunda kerneli, kwa hiyo ni kazi ya siku kadhaa na dua kwa umeme. Lakini anayeimaliza anapeleka ripoti yenye jina la badiliko lenyewe, na ripoti ya namna hiyo haifagiliwi. Intaneti haihitajiki sana baada ya kupakua mara moja. Kama kuna zoezi moja ambalo ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta wa MUST na Iringa alipitie kabla ya kuhitimu, ni hili.

Ripoti namba moja

Ripoti ya kwanza kabisa ya Ubuntu iliandikwa na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, Agosti 2004, nayo haikuhusu msimbo. Alilalamika kwamba Microsoft inashika sehemu kubwa ya soko la kompyuta. Aliifunga Mei 2013, karibu miaka tisa baadaye, akisema simu na tableti zimeshabadilisha hali. Wenye haraka walimcheka kwamba amejifungia ripoti bila kushinda. Mimi naona alisoma vizuri. Katika miaka ile, sahani za Ubuntu zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, hadi mpango ulipokoma 2011, na Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Wote walidhani ushindi utakuja kupitia kompyuta ya mezani. Ulikuja kupitia simu, bila sherehe, na ndiyo maana safari ya kiraka ikawa ndefu vile.

Nusu sekunde

Safari fupi kuliko zote ilitangazwa Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeandika pia PostgreSQL, aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Wengine wangekunywa chai. Yeye alichimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana faili, ulioingizwa na mtu aliyejiita Jia Tan baada ya kama miaka miwili ya kumzoea mtunzaji pekee aliyekuwa amechoka. Ulikuwa umeshaingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, bado kidogo uingie kwa watu wote.

Hapa anayeona na anayejua walikuwa mtu mmoja, kwenye kiti kimoja, mwenye msimbo wote mbele yake. Mfumo uliofungwa usingempa nafasi hiyo.

Hitilafu yenye miadi

Ile inayojulikana tarehe yake mapema kuliko zote bado haijatokea. Mifumo mingi ya zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970, katika namba isiyoweza kuzidi 2,147,483,647. Sekunde ya mwisho, kwa saa zetu, itagonga saa 12 na dakika 14 asubuhi, tarehe 19 Januari 2038. Itakuwa Jumanne.

Kerneli ilimaliza sehemu yake mwaka 2020. Debian 13, ya Agosti 2025, ilipanua hesabu ya muda kwenye mashine za biti 32 karibu zote, isipokuwa kompyuta za kawaida za aina ya i386, ambazo toleo hilo halizisakinishii tena. Hizo ndizo zinazofika kama msaada kwenye shule za sekondari, zimekwishatumika kwingine, na zinaendelea kuwaka kwa sababu fundi wa shule ni hodari. Zile zitakazokuwa bado zinawaka asubuhi ile zitapinduka hadi tarehe 13 Desemba 1901, Iringa ikiwa chini ya Wajerumani, miaka mitatu tangu Mkwawa afariki, na rejista ya mahudhurio itaandika kwamba wanafunzi wote wamewahi.